Toa Moja ya Gunia

Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, lakini haikusema ni nani atakayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Hapa Boito kazi hiyo imeangukia ukoo mzima, na ndiyo maana haijaisha.

Kijana wangu anaingia PP1 Januari. Ana miaka minne, umri ule ule mtaala unaoutaka, na tangu aanze kutembea hajatia mguu kwenye kitu kingine ila gambuti. Mvua ya huku haijui likizo. Ukitoka na viatu vya kawaida, tope litakuvua lenyewe kabla hujafika barabarani. Sasa shule inataka viatu vyeusi vya kamba. Mama yake alijaribu, mimi nikajaribu, mtoto akatutazama kama watu wanaofunga kuku kwa uzi wa kushonea. Babu yake, aliyekuwa kwenye kigoda akituonea huruma, akatuambia tumpishe.

Mzee amefunga ndama maisha yake yote, na hakuna ndama wake aliyewahi kufunguka usiku. Mjukuu naye akafungwa fundo lile lile. Likashika. Jioni likakataa kufunguka. Mtoto akala kimyet, yaani ugali, na mboga akiwa na viatu, akanawa miguu akiwa na viatu, akapanda kitandani navyo. Asubuhi aliokolewa na kisu cha kupogolea chai, na zile kamba mpya tulizonunua Mogogosiek zikabaki vipande. Mzee hakuona kosa liko wapi. “Si lilishika?” akauliza.

Somo la choo lilikuwa na ugumu wake. Huku chai inakuja mpaka ukutani mwa nyumba, imemzidi mtoto kimo na haina macho. Kumwambia azunguke zizi la ng’ombe mpaka chooni ni kumpa safari asiyoiona maana. Mama yake akaamua kumtisha kwa uchumi. Akamweleza kwamba majani haya yanachumwa, yanakwenda kiwandani, kisha mnadani Mombasa, na kwamba wanunuzi wakubwa kuliko wote ni Wapakistani. Kuna mtoto kama yeye huko Karachi ambaye ataamka ayanywe na mkate.

Somo liliingia kupita kiasi. Siku tuliyowapokea wageni wa posa ya shangazi yake, wazee wamevaa makoti, maziwa ya mursik yameshamiminwa, mjomba wake alijitenga kidogo kuelekea shambani akijifanya anapokea simu. Sauti ikapasuka kutoka mlangoni: “Mjomba! Wapakistani!” Wageni wote wakageuka kutazama barabarani. Mzee mmoja hata alisimama, akidhani tumealika watu wa mbali bila kumwarifu.

Upande wa hesabu hatukuwa na wasiwasi. Kogo, bibi yake, humbeba hadi kituo cha kununulia majani, na mtoto hakubali kukaa popote isipokuwa chini ya mizani, akimsikiliza karani akitaja kilo. Huko ndiko alikojifunzia. Anahesabu kwa Kiswahili, anahesabu kwa Kipsigis mpaka taman, yaani kumi, bila kuruka hata moja. Ila kituoni, karani akishataja kilo, hukata moja kwa ajili ya uzito wa gunia, na kwa kijana wangu hiyo si makato. Ndiyo hesabu yenyewe.

Mwekee ndizi tano mezani. “Moja, mbili, tatu, nne, tano. Toa moja ya gunia. Nne.”

Nilimweleza kwamba ndizi hazina gunia. Akaniuliza kwani kutoka sokoni zilikuja na nini. Mama yake akageukia jiko haraka, mabega yakimtikisika.

Basi siku ya kumwandikisha, mwalimu akamwambia ahesabu vidole vyake. Akaanza vizuri, kidole kwa kidole, akafika kumi, akatulia kidogo kama karani anayeinua kalamu. “Toa moja. Tisa.”

Nikafungua mdomo nieleze. Mwalimu akaninyamazisha kwa mkono. Naye ana chai yake. Hapa Boito nani hana? Akamwinamia kijana, akamuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayekusanya ushahidi:

“Kituo chenu bado wanatoa moja tu?”