Tenga Mliache
Vijana wa kikundi cha maigizo mtaani kwetu wananiita mzee wanapotaka kitu. Safari hii wanataka niwasaidie kuifanya tamthilia ya Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, iwe ya kisasa. Kwa Kiswahili si ngeni: mwaka 2012 kikundi cha Bitter Pill cha Kenya kiliicheza London, kwenye jukwaa la Globe, na mhusika Falstaff aliigizwa na msanii wetu huyu huyu, Mrisho Mpoto.

Falstaff ni mzee mwenye kitambi, mlevi, tena kafulia. Anawatongoza wake za watu wawili ili azile pesa za waume zao. Anawaandikia barua, na barua ni ile ile, kabadili jina tu. Kumbe wale ni mtu na shoga yake! Mwongozaji kasema barua ziwe za WhatsApp, nikakubali shingo upande. Wanaume wa kunakili ujumbe mmoja na kuumwaga kwa kila namba wamejaa tele, na mashoga wa kutumiana skrinishoti ndiyo usiseme.

Ugomvi wetu ni tenga. Mume mwenye wivu anakuja mbio, Falstaff anasokomezwa kwenye tenga la nguo chafu, anafunikwa mashuka yanayonuka, watumishi wanalibeba. Mume anakutana nalo mlangoni, anauliza linapelekwa wapi, kisha analiacha lipite na kuingia ndani kupekua vyumba! Mwenzake anakwenda kubwagwa mtoni Thames. Tamthilia ilichapwa 1602 na kicheko hicho hakijachuja. Vijana wangu wanasema tenga limepitwa na wakati, ajifiche kwenye buti la gari. Gari tutalitoa wapi, sisi ambao kipaza sauti tunaazima kwa MC wa harusi? Na mtu akishafungiwa kwenye buti, nani atamwona akipiga chafya?

La ajabu, lile onyesho la kasisi kumhoji mtoto Kilatini wamelikumbatia. Utani wake mwingi ni Kilatini kinachosikika kama matusi ya Kiingereza. Ukumbi utatulia kama maji mtungini. Nikasema likatwe. "Mzee, hiyo ndiyo Shakespeare yenyewe," kanijibu mmoja, anatafuna karanga.

Safari ya pili Falstaff anatoroka kavalishwa nguo za bibi mmoja mnene, na anachezea kichapo hivyo hivyo. Mimi nilitaka dera na ushungi. Binti wa mavazi kaleta sketi fupi. Nilifungua mdomo nigombe, nikamwona mhusika kashaivaa, nikaufunga.

Tenga nimeshalinunua sokoni kwa pesa yangu, la nyanya, kubwa, imara. Sasa tatizo ni wabebaji. Falstaff wetu kitambi chake si cha kuazima, na vijana wawili waliopangiwa kumbeba, baada ya zoezi la jana, wameomba wahamishiwe kwenye Kilatini.