Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: jina la mjane liandikwe

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji,
Juba.

YAH: OMBI KUHUSU HATI ZA VIWANJA



Mheshimiwa, niruhusu nianze na riwaya. Mwaka 1811, Jane Austen wa Uingereza alichapisha Sense and Sensibility. Bwana Dashwood anafariki, na jumba la Norland linamwangukia John, mwanawe wa mke wa kwanza. Mjane na mabinti zake watatu wanageuka wageni humohumo ndani. John, aliyemwahidi baba yake kuwatunza, anapanga kuwapa dada zake pauni 1,000 kila mmoja. Mkewe anazipunguza polepole: kwanza 500, kisha pauni 50 mara mojamoja, mwisho msaada wa kuhamisha vyombo na zawadi ya samaki msimu ukifika. Hata vyombo vya kifungua kinywa vya mjane anavionea kijicho. Hakuna sheria iliyovunjwa, Mheshimiwa; maneno laini yalitosha kuwatoa.

Nchi yetu ya Sudan Kusini, tunashukuru, ina sheria bora. Sheria ya Ardhi ya 2009 inamtambua mwanamke kuwa mmiliki na mrithi wa ardhi. Katiba ya Mpito ya 2011, ibara ya 16, inampa mjane fungu katika mali ya marehemu mumewe. Lakini vita vya 1983 hadi 2005 vilituachia wajane wengi, na amani ilipokuja, Juba ikapanuka, viwanja vikapanda bei. Leo, katika mitaa kama Gudele au Munuki, matanga hayajaanuliwa, shemeji anauliza hati iko wapi. Hati ina jina la marehemu peke yake. Mama aliyefyatua matofali ya nyumba ile kwa mikono yake anaambiwa akubali kurithiwa, au arudi kwao.

Kwa unyenyekevu naomba mambo matatu. Hati za wanandoa ziandikwe majina yote mawili tangu mwanzo. Kiwanja cha marehemu kisihamishwe kabla mjane hajasikilizwa mwenyewe mbele ya ofisa. Na haki hizi zitangazwe kwa Kiarabu cha Juba katika kila ofisi ya ardhi.

Mheshimiwa, sheria tayari ipo. Tunakuomba utoe agizo, kabla mjane mwingine hajatolewa nje.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Gudele, Juba