Usipoziba Ufa, Tundika Kanga

Wahenga waliotuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wapangaji. Mpangaji ana ufa wa mwenye nyumba, ana wageni wa Jumapili, na ana kanga. Kanga moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei. Eneo hilo linasitiri mengi. Fuata hatua hizi nawe utaitwa mpenda utamaduni. Hakuna atakayekuita mvivu, walau si mbele yako.

1. Chagua aibu kwanza, ukuta baadaye

Ufa mkavu ndio unaofaa. Unyevu usiuguse. Kwenye nyumba za mawe za Lamu au Unguja, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, chumvi hujitokeza yenyewe ukutani. Itapenya kwenye pamba, na masika yakiisha utakuta kanga imechora ramani ileile uliyotaka kuificha. Unyevu usukumie kabati.

Ukuta unaopigwa na jua la mchana nao uuache, maana rangi itapauka upesi. Labda uwe unataka ipauke. Tutafika huko.

2. Nunua doti, tundika nusu

Kanga huuzwa mbilimbili bila kukatwa, na kukata na kukunga ni juu yako. Usilalamike, hii ni neema. Moja iweke ukutani, ya pili uifiche. Mtoto akifutia mikono ya pilau kwenye ile ya ukutani, badilisha usiku, na wageni wataendelea kustaajabu jinsi unavyotunza vitu.

Ila kata kwa makini. Kingo mbili za ubavuni ni kazi ya mkasi wako, na ukipinda, mistari ya pindo itakuchongea kwa kila mwenye macho.

3. Soma jina kabla hujashika nyundo

Hapa ndipo waungwana wanapoumbuka. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo lenye kesi. Mwanamke aliyejifunga kanga yenye kijembe anaweza kujitetea kwamba aliichukua iliyokuwa juu ya nyingine. Msumari hauna utetezi huo. Ulichokitundika umekikusudia, na wifi yako atakisoma kabla hajavua viatu. Atakaa. Atakunywa chai. Hatasema neno. Ndani ya wiki utaletewa zawadi ya kanga, na jina lake litakuwa jibu.

Majina ya kumshukuru Mungu ni salama, na ya kumsifu mama ni salama zaidi, ilimradi mama mkwe asiulize ni mama yupi. Epuka chochote chenye maneno jirani, hasidi, mdomo au wivu, hata kama maua yake ni mazuri kiasi gani.

Huenda kanga pekee uliyo nayo ni ya kijembe. Usikate tamaa. Unaweza kuikunja chini, jina liingie nyuma pamoja na pindo la chini. Mtu anayezijua kanga ataona umeficha kitu, lakini hatajua ni nini, na hiyo itampa kazi ya kufikiri jioni nzima. Au itundike wima, herufi zipande kama ngazi. Mgeni atalaza shingo ili asome, na mtu aliyelaza shingo haoni nyufa.

Bahati kubwa ni kurithi ile ya zamani, ya enzi ambazo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hiyo itundike bila hofu. Wageni wengi watadhani ni dua na watashusha sauti, hata kama ni maneno ya kumkomesha mke mwenza. Usiwasahihishe.

4. Njia sahihi, ambayo hutaifuata

Njia sahihi ni hii: shona mfuko mrefu kwa nyuma, ukingo wa juu, kama ule wa pazia. Pitisha ufito wa mbao, kisha uweke juu ya kulabu mbili. Uzito unagawanyika, kitambaa hakichaniki, na siku ya kufua unachomoa tu. Wanaotundika matandiko ya viraka hufanya hivyohivyo, na hakuna aliyegundua njia bora zaidi.

Kwa kuwa hutashona, mpelekee fundi cherehani. Atamaliza kabla hujamaliza kahawa. Ukiulizwa nani kashona, tazama vidole vyako kwa uchovu na useme, "Kazi ndogo tu." Hujadanganya. Ilikuwa ndogo kweli.

Kwa wenye haraka kuna papi mbili nyembamba za mbao zinazobana ukingo wa juu katikati yake, skrubu huku na huku. Inapendeza, inaonekana ya gharama, na seremala anakupa mabaki ya papi bure ukimsalimia vizuri. Pete za pazia zenye vibanio nazo zinafaa, ila kanga itakaa na mawimbi juu. Waambie ndiyo mtindo.

Gundi ya karatasi usijaribu. Inashika vizuri kabisa mpaka saa nane za usiku.

Mpangaji aliyekatazwa misumari anayo siri moja: uji wa wanga. Koroga wanga upikike, upoe, ulowanishe kanga ndani yake, kisha ubandike juu ya rangi ya mafuta na kuilainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Ikikauka inanyooka kama imepigwa pasi. Siku ya kuhama unailowesha kwa maji na kuibandua pole pole. Jaribu kwanza kwenye kona, maana kanga mpya hutoa rangi na ukuta mweupe hausamehi. Na ujue kwamba mende hupenda wanga kuliko unavyoipenda kanga. Kwao umetandika meza.

5. Msumari na mwenye nyumba

Ukuta wa tofali za saruji hukunja msumari wa mbao. Tafuta misumari ya zege, au azima drili kwa jirani. Hapo ndipo utakapofurahi kwamba hukuchagua jina la kumsema.

Pima maji huna. Chukua chupa ya maji yenye nusu, ilaze juu ya ufito, utazame usawa wa maji. Usipime kutoka sakafuni, kwa sababu sakafu hiyo aliisawazisha mtu yuleyule aliyetengeneza ufa.

Urefu upime kwa jicho la mtu aliyeketi, maana mgeni akishasimama anaondoka. Lakini usiishushe hadi kwenye mgongo wa kochi. Vichwa vina mafuta, na mviringo mweusi katikati ya mji wa kanga hauna hadithi ya kuufaa. Siku ya kuhama, matundu yazibe kwa dawa ya meno. Iwe nyeupe. Ile ya kijani imewanyima wengi amana yao.

6. Panka na mjusi

Kanga ni nyepesi. Panka likiwaka inapepea, na kila ikipepea ufa unachungulia. Ingiza kijiti chembamba kwenye pindo la chini, au shonea sarafu nzito pembeni. Sarafu zina faida ya kuwa akiba.

Mjusi atahamia nyuma. Huwezi kumzuia, ni mpangaji kama wewe. Akikimbia wakati wa maongezi na kitambaa kikatembea bila upepo, mwangalie mgeni machoni na umwongezee sukari.

7. Sifa

Sasa ile kanga iliyopauka. Iliyopauka si mbovu, ni ya zamani. Sema "ya bibi" kwa sauti ya chini, kisha nyamaza. Hakikisha tu ushahidi haukupingi: kuna kanga zenye sura ya Barack Obama za miaka ile alipochaguliwa, na bibi aliyefariki 1990 hawezi kuwa aliiacha moja sandukuni.

Ukiona pembeni maneno "Mali ya Abdulla", una hadithi ya bure. Ndiyo alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887. Itaje miaka hiyo kwa ujumla, wala usiguse suala la lini ulipita Mtaa wa Biashara, lilipo duka hilo, ukiwa na risiti mkononi.

Atatokea mmoja wa kukuambia kanga ni ya kuvaa, kubebea mtoto na kufunikia maiti, si ya ukutani. Usibishane. Mwambie British Museum ya London ilionyesha kanga mwaka 2013 katika maonyesho ya vitambaa vya Afrika, halafu nyanyua kikombe.

Wa kuogopwa ni yule anayeshona. Huyo hatazami mbele ya kanga. Atasogea akisifu, atashika ukingo kwa vidole viwili na kuufunua ili aone mshono. Mkimbilie kabla hajafika. Mwite jikoni aonje chumvi ya mchuzi, na akirudi mkalishe kwenye kiti kinachotazama dirishani.