Gari Linalokula Tokeni

Mwenye gari la umeme Nairobi ameachana na petroli. Sasa anahesabu tokeni za umeme. Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, ikichomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani, hula usiku kucha na asubuhi bado haijashiba. Anayekaa ghorofa ya nne basi ateremshe waya dirishani, kama mvuvi.

Au aende kituo cha kuchaji kwenye maduka makubwa, betri ijae huku mfuko ukipungua.

Mwaka 2023 mdhibiti wa nishati, EPRA, aliyatengea magari haya bei maalumu: shilingi 16 kwa yuniti, 8 saa za usiku. Agosti mwaka huohuo karibu nchi nzima ikaingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Bei, tunashukuru, haikupanda.