Staring ni Nani? Filamu Tano za Vituko na Uhalifu, Kuanzia ya Mkiani

Kwenye kibanda cha video Soweto East, Kibera, benchi limejaa, pazia limeshushwa mlangoni na sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu, inatetemesha mabati. Sheria ni moja tu: staring, yaani mhusika mkuu, hafi. Basi tuzipime kwa sheria hiyo filamu tano za hapa kwetu ambazo Wazungu walizitengeneza au kuzitia mkono.

5. Where No Vultures Fly (1951). Waingereza wanamleta Anthony Steel awaokoe ndovu kutoka kwa majangili. Staring hafi. Ndovu nao wangekuwa na wakili, wangedai majina yao yawe juu ya bango.

4. West of Zanzibar (1954). Steel yuleyule, pembe zilezile, ila sasa anawafukuza walanguzi mpaka pwani. Alama ya ziada ni ya jahazi, Steel tulishamzoea.

3. The Constant Gardener (2005). Hatimaye kamera inafika Kibera. Fernando Meirelles anaigeuza riwaya ya John le Carré kuwa filamu: dawa ya kifua kikuu inajaribiwa kwa Wakenya, mke wa ofisa wa ubalozi anauliza maswali, anauawa. Ati staring kafa filamu ikianza tu? Rudisha pesa! Rachel Weisz, aliyemwigiza mke huyo, hakujali, alibeba Oscar. Watengenezaji waliacha mfuko wa kusaidia Kibera na Loiyangalani. Asante, lakini kwenye filamu yenyewe sisi tulikuwa mandhari.

2. Soul Boy (2010). Hawa Essuman anaongoza, Mjerumani Tom Tykwer anasimamia. Abila, kijana wa miaka 14, anapewa kazi saba ili aikomboe roho ya babake. Bunduki hazihitajiki, vichochoro vya Kibera vinatosha kumtoa mtu jasho.

1. Nairobi Half Life (2012). Tykwer tena kwa upande wa fedha, David "Tosh" Gitonga kwenye usukani. Mwas, muuza DVD kijijini, anakuja mjini kutafuta uigizaji. Nairobi inampokea kwa kumpora, kisha genge la wezi wa vipuri vya magari linampa ajira. Sheng imenyooka, hakuna wa kutafsiriwa. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar.

Hukumu ya benchi: pesa za Ulaya hazina ubaya, mradi staring atoke mtaani. Kwa hiyo, wakija tena kuomba vichochoro, waulizeni kwanza nani anaigiza nini.