Video Iliyopauka

Kwa shangazi yangu wa Mabawe, video ya sherehe ni hati. Ndiyo itakayothibitisha miaka ijayo nani alikuja, nani alikaa meza ya mbele na nani alikula bila kuchangia. Ndiyo maana video ya sendofu ya binti yake ilipotumwa kutoka Dar es Salaam, sebule ilijaa kabla simu yangu haijamaliza kuipakua, na bando likakata roho papo hapo.

Nikabonyeza. Wote tukatokea tumepakwa majivu. Migomba ya nyuma ya nyumba ilikuwa ya kijivu. Binti mwenyewe alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kuhojiwa polisi. Kitenge cha shangazi cha rangi ya chungwa, alichokibishania bei asubuhi nzima gulioni Kabanga, kilikuwa kimepauka kiasi cha kuaibisha ukoo.

"Aliyepiga hii," shangazi akauliza polepole, "alipewa kuku?"

"Alipewa, shangazi."

"Kipande gani?"

"Shingo."

Sebule ikanyamaza. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Baba mdogo alikuwa na maelezo ya kitaalamu zaidi: simu imedaka mtandao wa Burundi, kwa hiyo rangi zimezuiliwa mpakani. Msimcheke. Huku Ngara ukipanda kilima kinachotazama ng'ambo, simu inaweza kuhamia mtandao wa jirani, na saa ikarudi nyuma saa nzima bila kukuaga, kwa kuwa Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu aliyewahi kufika kanisani amechelewa kwa sababu hiyo ana haki ya kuushuku mpaka kwa jambo lolote.

Fundi simu naye alikipuliza kioo, akakipangusa kwa fulana, akatamka hukumu anayoitoa hata kwa simu iliyotumbukia chooni: "Hii ni ya kuflashi." Nikakataa. Humo ndani mna namba za watu wanaonidai, na hao ni lazima niwatambue kabla sijapokea.

Simu haikuwa na ugonjwa. Mpwa wetu wa Dar alipiga video kwa mfumo wa HDR, ambao katika baadhi ya simu za bei kubwa siku hizi huja umewashwa tayari, mwenye simu asijue. Video ya kawaida hutumia biti 8: kila moja ya rangi tatu za msingi ina ngazi 256, na zikichanganywa unapata rangi milioni 16 na ushee. HDR hutumia biti 10: ngazi 1,024, rangi zaidi ya bilioni moja. Mwanga nao umetanuliwa. Kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichowekwa mwaka 2014, kinafika mwangaza wa niti 10,000, wakati vioo vya simu zetu vya bei ya maharage hujikongoja kwenye mia kadhaa.

Sasa ukitanua kipimo, chungwa ileile huandikwa kwa namba za wastani, ili juu yake ibaki nafasi ya rangi kali zaidi na jua lenyewe. Simu isiyojua habari hizo huzisoma namba hizo kwa rula ya zamani, ikaona chungwa hafifu, ikaonyesha chungwa hafifu. Kitenge kilikuwa salama ndani ya faili muda wote. Kwa maneno mengine, tuliadhibiwa kwa kupewa uzuri uliozidi uwezo wetu, jambo ambalo kijijini si geni.

Binti wa jirani, anayesoma sekondari na asiye na subira na wazee, akaniambia niweke VLC. Programu hiyo ya kuchezea video, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, inajua kuushusha mwanga wa HDR ulingane na kioo cha kawaida. Nikaiweka. Chungwa ikarudi! Migomba ikarudi! Shangazi akapiga vigelegele, kisha picha ikaganda.

Ngoma ziliendelea kulia lakini wachezaji walisimama mguu mmoja hewani. Simu za bei ya chini mara nyingi hazina chipu ya kufumbua video ya biti 10, hivyo prosesa hufanya kazi hiyo kwa mikono, ikihema. Picha ilisogea kidogo, ikaganda tena, safari hii ikiwa imemshika baba mdogo akikabidhi bahasha. Bahasha ikakaa hewani mpaka yule binti wa sekondari akaikuza kwa vidole viwili na kusoma kwa sauti jina lililoandikwa juu yake. Halikuwa la baba mdogo.

Betri ikafa hapo. Wilaya yetu imelalia nikeli ya Kabanga, madini yanayotamaniwa duniani kwa ajili ya betri, lakini yangu haina hata undugu nayo.

Tiba yenyewe ilipatikana Dar. Mpwa aliigeuza video kwenye kompyuta ikawa SDR, yaani ile ya kawaida ya biti 8, akaituma upya. Nikamsihi pia aingie kwenye setingi za kamera na kuizima HDR kabla hajapanda basi kuja kwenye harusi, maana kuigeuza baadaye kunakula muda na bando la watu wawili.

Hiyo mpya ikaenda laini, rangi zote mahali pake. Bahasha ikapita kwa kasi, hata jina hulioni. Baba mdogo aliisifu sana.

"Hii ndiyo itunzwe," akasema. "Zile nyingine futa zote, zinajaza simu."

Nilipokuwa natoka, shangazi akanisindikiza mpaka kwenye migomba, akaangalia nyuma, akaninong'oneza:

"Mwanangu, ile inayoganda usiifute."