Naomba Mnitoe

Wenzetu wa makundi ya barua pepe wanajiona wastaarabu. Wao, eti, wanajadili. Sisi wa majukwaa ya mtandaoni tunabwatuka. Sawa. Basi atueleze mmoja wao kwa nini mtu akiandika "naomba mnitoe kwenye orodha hii", ombi linawafikia wanachama wote 400, nusu yao wanajibu "na mimi pia", kisha anaibuka mheshimiwa kuwakaripia wanaojibu wote, kwa kuwajibu wote. Maelezo ya kujitoa yako chini ya kila barua. Tangu programu ya Listserv ilipotoka mwaka 1986, kumwingiza na kumtoa mtu ni kazi ya kompyuta. Kusoma mstari wa mwisho wameachiwa binadamu.

Nawavua lawama watengenezaji wa Linux, wanaopitisha msimbo wao kwa barua pepe mpaka leo. Wale hata wakitukanana, hutukanana kwa hoja.

Jukwaani ugomvi haukufuati nyumbani. Unaufuata mwenyewe, na ndala zako. Uliza JamiiForums dawa ya kuku wanaoharisha: ukurasa wa kwanza utajibiwa vizuri tu, wa pili wameshafika Simba na Yanga, wa tatu uzi umefungwa. Kuku, Mungu anajua. Lakini miaka sita baadaye mfugaji mwingine akipekua Google, dawa ataikuta palepale, chini ya jina la Mtoto wa Shangazi. Na ile hekima yenu ya barua pepe iko wapi? Kwenye kikasha cha katibu aliyestaafu, na nywila kaisahau.